Mtu wa Mia Tatu

Kwa mujibu wa takwimu za Idara ya Usafiri, barabara iliyopita mbele ya nyumba ya Fundi ilikuwa salama kuliko zote jijini. Kwa miaka mitatu mfululizo hakuna mtu aliyegongwa akiivuka. Takwimu hazikusema kwamba karibu hakuna mtu aliyekuwa akiivuka, kwa kuwa hilo halikuulizwa. Ilikuwa barabara ya njia nne, upana wa mita kumi na sita, na magari yalipita hapo kwa kasi ambayo Idara iliiita mtiririko mzuri.

Fundi alikuwa na miaka sabini na moja, goti la kulia lililokataa kukunjika, na cherehani aliyoendelea kuikanyaga barazani kwa mguu wa kushoto. Ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza hiyo, palikuwa na kliniki ya mifupa. Aliweza kusoma saa za kumwona daktari kwenye ubao wa kliniki bila kuvaa miwani. Kufika huko ndiko kulikomshinda. Daraja la watembea kwa miguu lilikuwa umbali wa kilomita moja na mita mia moja, lenye ngazi sitini na nne za kupanda na sitini na nne za kushuka, zawadi nzuri kwa mtu anayekwenda kutibiwa goti. Basi lilimpeleka hadi kwenye mzunguko na kumrudisha upande wa pili, safari ya dakika arobaini siku njema na saa mbili siku za kawaida. Mara moja tu alijaribu kukata barabara moja kwa moja, na kioo cha pembeni cha gari kikaondoka na fimbo yake. Dereva hakurudi kuileta.

Kliniki nayo ilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa akikosa miadi mara tatu, jina lake linafutwa na anarudi mwisho wa foleni, ambayo wakati huo ilikuwa ya miezi minane. Fundi alikuwa amekosa mara mbili. Mara zote mbili alikuwa ndani ya basi, akiitazama kliniki kupitia dirisha.

Mambo yalikuwa hapo jiji lilipozindua Mpango wa Jiji Linalotembea, kitabu cha kurasa mia nne na kumi na mbili chenye lengo la kuboresha usafiri na kumlinda mtembea kwa miguu. Jalada lilikuwa na picha ya bibi mmoja akivuka barabara iliyofunikwa na theluji. Theluji haijawahi kuanguka katika jiji hilo, lakini bibi alikuwa akitabasamu. Mkurugenzi wa Usafiri, ambaye hakuweza kuomba hata chumvi bila kutaja dira, na ndiyo maana watumishi walimwita Bwana Dira asipokuwepo, aliamuru maneno "Penye nia pana njia" yachapwe kwenye vikombe vyote vya ofisi. Fundi alipoonyeshwa kikombe kimoja alikigeuza huku na huku kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Nia tunayo," alisema. "Njia ndiyo mnapita nyinyi."

Aliyemwonyesha kikombe ni binti yake. Binti huyo alikuwa karani wa Idara hiyohiyo. Kazi yake kwa miaka kumi na minne ilikuwa kukaa kando ya barabara kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti la kung'aa, na kuhesabu wanaopita kwa mashine ndogo ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ofisini walimwita Mizani, na hawakuwa wakimsifu. Hakuwahi kukadiria. Siku moja mvua ilipomzuia kuona kwa dakika mbili, aliandika kwamba kwa dakika mbili hakuona, na ripoti nzima ikarudiwa.

Ni yeye aliyetumwa kuhesabu mbele ya nyumba ya baba yake. Alieleza kwa maandishi kwamba ana undugu na mkazi wa hapo. Bwana Dira akaandika "Imeonekana" chini ya barua na kumpangia siku. Idara ilikuwa na makarani watatu. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, na wa pili alikuwa akimwendesha mke wa Mkurugenzi kwa muda.

Kwa saa moja walivuka watu watatu. Wa nne alifika katikati akabadili mawazo, na kwa kuwa fomu haikupokea nusu, aliachwa. Jioni, Fundi alimuuliza kama alikuwa mmoja wa waliohesabiwa.

"Hukuvuka, Baba."

"Nilisimama saa nzima, mama. Na fimbo mpya mkononi."

"Kusimama hakuna safu yake kwenye fomu."

Fundi alikubali kwamba hilo ni kosa la fomu, si lake yeye Mizani, ila aliongeza kwamba nguo ikimbana mteja, fundi hamlaumu mteja kwa kuwa na tumbo. Idara, kwa upande wake, ilitoa uamuzi ndani ya siku nne, kasi ambayo haijawahi kuonekana ikitoa jambo zuri: pasipo na wanaovuka hapahitajiki kivuko. Ikumbukwe kwamba sheria ya jiji ilikataza mtu kuvuka pasipo na kivuko. Kwa hiyo ili kupata kivuko, ilikuwa lazima kwanza watu wa kutosha wavunje sheria mbele ya karani wa serikali.

Ila Mpango ulikuwa shirikishi, yaani wakazi waliruhusiwa kulalamika mara moja. Fundi aliandika barua kwa mwandiko mzuri akaomba hesabu irudiwe, na ombi lake likakubaliwa kwa sababu aliyepokea barua alidhani ni ya kupongeza. Siku iliyopangwa ilikuwa Ijumaa, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Miadi ya Fundi kliniki ilikuwa siku hiyohiyo, saa nne na robo.

Alimuuliza binti yake ni watu wangapi wanaotakiwa. Mizani alijibu kwamba hawezi kumpa mkazi mmoja taarifa ambayo hajawapa wengine, ila jedwali lipo ukurasa wa mia tatu na saba wa Mpango, na Mpango upo ofisi ya mtaa kwa kila mtu. Kweli ulikuwepo, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili usiibiwe na watu wenye kiu ya kusoma. Fundi alikwenda, akaufungua, akanakili jedwali kwa penseli: chini ya mivuko sitini kwa saa, hakuna haja, kuanzia sitini, alama za pundamilia. Ukurasa uliishia hapo. Masharti ya kuhesabu yaliyofuata aliyajua kwa kuyasikia nyumbani: kila mvuko unahesabiwa hata kama mvukaji ni yuleyule, mtumishi wa Idara aliye kazini hahesabiwi, na karani haruhusiwi kuzungumza na anaowahesabu.

Jedwali lilikuwa na mstari wa tatu. Mchapaji aliuona hautoshi chini, akaupeleka ukurasa wa mia tatu na nane. Mizani alikuwa anaujua mstari huo kwa moyo. Haikumjia kwamba kuna mtu duniani anayeweza kusoma ukurasa mmoja wa jedwali bila kufunua unaofuata.

Ijumaa hiyo wakazi ishirini na saba walijipanga kando ya barabara kama wanaosubiri chanjo. Mbele alikuwa Mama Mikate, mwenye tanuri la mikate jirani na Fundi, mwanamke mpana ambaye alipoanza kwenda hakuwa na desturi ya kuacha. Kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, kwa maelezo kwamba nusu iliyobaki haiendi popote. Saa tatu kamili Mizani alifungua kiti chake, akaweka mashine kwenye sifuri. Mama Mikate alinyoosha mkono mbele ya magari na kushuka barabarani, na wengine wote nyuma yake, Fundi katikati amezungukwa kama bwana harusi. Mizani alibonyeza mara ishirini na saba. Fundi alikaa kwenye ngazi za kliniki na kubaki huko, kwa kuwa goti lake lilikuwa na mvuko mmoja tu wa kutoa. Wengine waligeuka na kurudi, kisha wakaenda tena.

Madereva walipiga honi na kutoa matusi ya kawaida kwa robo saa ya kwanza. Baadaye honi zikapungua, kwani hata dereva huchoka kuzungumza peke yake. Mmoja alitoa kichwa dirishani kwa heshima akauliza nani amefariki.

"Bado hajafa mtu," Mama Mikate alimjibu bila kusimama. "Ndiyo tunazuia."

Saa tatu na nusu mashine ilisoma mia moja hamsini na mbili. Mizani aliona jambo hilo kuwa la kutosha sana, na alitazamia watu waende nyumbani. Hawakwenda. Walikuwa wameanza kufurahia. Watu walioishi miaka kumi wakitazamana kutoka kingo mbili walikuwa wakisalimiana kwa kushikana mikono katikati ya barabara, na kila waliposalimiana walivuka tena. Saa tatu na dakika hamsini Mama Mikate alipita karibu na kiti, jasho likimtoka, uso wake ukiwa na furaha tupu.

"Usichoke kubonyeza, mwanangu. Baba yako kasema tuwape hata mia nne, wasipate cha kusema."

Mizani alitazama mashine. Mia mbili themanini na nane. Hapo ndipo alipoelewa kwamba baba yake hakufunua ukurasa.

Mstari wa tatu ulikuwa hivi: mivuko mia tatu na zaidi, alama za pundamilia hazitoshi, lijengwe daraja, awamu ya tatu ya Mpango, baada ya miaka kumi na sita, na wakati daraja likisubiriwa, uwekwe uzio wa chuma wa kimo cha mtu ili kuzuia watu kuvuka, kwa usalama wao.

Alifikiri kwa muda ambao watu wengine kumi walivuka. Angeweza kuacha kubonyeza, na hilo lisingejulikana na mtu, isipokuwa yeye. Mashine ilisoma mia mbili tisini na nane. Akainuka, akaiacha miaka kumi na minne kwenye kiti cha kukunja, akavuka barabara. Hakujihesabu, alikuwa kazini, na kwa dakika hiyo wengine walikuwa kwenye kingo wakivuta pumzi.

"Baba, ukurasa wa mia tatu na nane uliusoma?"

"Kuna nini huko?"

"Kuanzia mia tatu ni uzio. Umebakiwa na mmoja."

Fundi aliitazama barabara kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akasimama kwenye ngazi na kuinua fimbo.

"Kila mtu abaki alipo," alisema, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa sauti ndogo, walibaki. "Asivuke hata mmoja mpaka saa nne."

Barabara ikatulia. Magari, yaliyokuwa yameshazoea kusimama, yaliendelea kusimama bila sababu. Kinyozi alikuwa upande mmoja na wembe wake, mteja upande wa pili na nusu ya nywele zake. Mama Mikate alikuwa upande wa kliniki, tanuri lake upande wa pili, na upepo ulileta harufu ambayo kila mtu aliitambua na hakuna aliyependa kuitaja.

"Mikate inaungua," alisema mwenyewe hatimaye.

"Pole, mama," Fundi alimwambia.

"Iungue. Mikate nitaoka mingine."

Saa tatu na dakika hamsini na saba gari la Idara lilisimama upande wa nyumba ya Fundi. Bwana Dira alikuwa amesikia kwamba wakazi wanashiriki, na alikuja kushiriki katika kushiriki kwao, pamoja na mpiga picha wa gazeti. Aliona umati wa kliniki, aliona magari yamesimama kwa adabu, akaona picha. Watu wa kingo zote mbili walianza kumpungia mikono wakimtaka asivuke. Aliichukua kama salamu, akawapungia pia. Mpiga picha alitangulia akitembea kinyumenyume, kamera usoni, na akawa wa mia mbili tisini na tisa. Bwana Dira alimfuata kwa hatua ndefu za mtu anayepigwa picha, akapanda ukingo wa pili na kumshika mkono mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa Fundi.

"Mzee wangu, hii ndiyo dira yetu," alimwambia.

"Ndiyo hiyo," Fundi alikubali. "Umeifikisha."

Hesabu ilipofungwa saa nne, Fundi aliingia kliniki na kuwahi miadi yake kwa dakika kumi na tano, mara ya kwanza mwaka huo. Daktari alimpima goti, akampa mazoezi na tarehe ya kurudi, bila kujua kwamba alikuwa akimtibu mtu ambaye huenda hataweza kurudi tena isipokuwa kwa kuruka uzio.

Jumatatu Mizani alipeleka fomu kwa Mkurugenzi. Kwenye sehemu ya maoni alikuwa ameandika kwamba saa tatu na dakika hamsini na tatu karani alivunja masharti kwa kuzungumza na mkazi, ambaye ni baba yake, na yaliyosemwa aliyanakili neno kwa neno. Sehemu ya jumla aliiacha wazi. Bwana Dira alisoma maoni kwanza, akafurahi kiasi cha kuweka kikombe chini.

"Dada yangu, hii inabatilisha hesabu nzima."

Mizani alikubali kwamba inaweza. Anayebatilisha ni Mkurugenzi, kwa barua yenye sababu na vielelezo vyote vya siku hiyo. Kisha akaweka mezani kielelezo cha kwanza, gazeti la Jumamosi. Ukurasa wa kwanza ulimwonyesha Bwana Dira katikati ya njia ya tatu, mguu mmoja hewani, anatabasamu kama yule bibi wa theluji.

Alieleza tatizo kwa utaratibu. Waliovuka kwa hakika ni mia mbili tisini na tisa. Swali lilikuwa mtu wa mia tatu. Kama Mkurugenzi alikuwa kazini pale barabarani, hahesabiwi, na wakazi wanapata alama za pundamilia. Kama hakuwa kazini, basi alikuwa mtembea kwa miguu kama wengine, jumla ni mia tatu, na unajengwa uzio.

"Andika nilikuwa kazini. Kuna ugumu gani?"

Ugumu ulikuwa kwamba saa hiyohiyo Mkurugenzi alikuwa amesaini kuhudhuria semina ya siku tatu kuhusu uaminifu katika takwimu, kwenye ukumbi wa hoteli, upande wa pili wa jiji. Semina ilitoa cheti kwa aliyehudhuria kila saa bila kukosa, na bila cheti hicho hapandi cheo kuwa Mkurugenzi Mkuu. Mizani hakuwa na maoni juu ya semina. Alichohitaji ni saini moja tu, kuonyesha alikuwa wapi.

"Tuseme sikuwa kazini," Bwana Dira alisema polepole.

"Basi ulivuka pasipo na kivuko, bosi, na hilo ni kosa. Kielelezo ni hiki hapa, kwa rangi."

"Na hao wengine wote?"

"Wao pia. Lakini wao hawamo ukurasa wa kwanza."

Bwana Dira alilitazama gazeti kwa muda mrefu. Alisema kwamba, hata hivyo, picha yenyewe ilikuwa nzuri. Mizani hakupinga. Bwana Dira akasaini kwamba alikuwa kazini barabarani, na Mizani akajaza jumla, mia mbili tisini na tisa, kwa wino, kisha akaomba nakala ya saini ipelekwe kwa waandaaji wa semina, kama utaratibu unavyotaka. Yeye mwenyewe alipewa onyo la maandishi kwa kuzungumza na baba yake. Alilisoma, akasahihisha tarehe, akalirudisha.

Rangi ilifika baada ya wiki tisa. Katika wiki hizo Fundi hakukosa miadi hata mara moja. Alipanda basi la saa kumi na mbili alfajiri na kukaa kwenye ngazi za kliniki hadi saa nne na robo, akishona vifungo. Uzinduzi ulipangwa Ijumaa, saa tatu na nusu. Idara ilifunga utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya alama mpya nyeupe, akasimamishwa askari kuhakikisha hakuna mtu anayevuka kabla ya kivuko kufunguliwa.

Saa tatu na nusu Mkurugenzi hakuwa amefika. Alikuwa kwenye foleni ya magari, kule kwenye mzunguko. Saa nne alipiga simu kusema ameiona kliniki. Saa nne na dakika tano alisema bado anaiona. Kinyozi aliuliza kama wamtumie daraja.

Saa nne na dakika nane Fundi alitazama saa, akatazama ubao wa kliniki, akaingiza mkono mfukoni na kutoa mkasi. Ulikuwa mkasi wa kazi, wa chuma kizito, aliokatia suti za watu wawili watatu waliokuja kuwa wakurugenzi. Alimuomba askari radhi. Akaukata utepe mara moja, kwa mstari ulionyooka, akaukunja upande wake vizuri na kuuweka juu ya kiti cha mgeni rasmi. Magari yalisimama. Alivuka kwa sekunde thelathini na nane. Mizani, aliyekuwa amesimama pembeni bila kutumwa na mtu, alizipima.

Bwana Dira alifika saa nne na dakika thelathini. Akaamuru utepe uunganishwe ili aukate. Watumishi wake wakatazamana. Katika umati wote aliyejua kushona alikuwa mmoja, naye alikuwa ndani kwa daktari, anakunja goti.